Kisa cha Pontiac GTO ya 1964: kanuni ilikagua magari, haikukagua orodha ya bei

Jumamosi moja mwanzoni mwa 1963, katika uwanja wa majaribio wa General Motors ulioko Milford, jimboni Michigan, wahandisi wachache wa kitengo cha Pontiac walikuwa wakilikagua kwa chini gari aina ya Tempest lililoinuliwa kwa mashine. Lilikuwa gari la mfano la toleo la mwaka 1964, na injini yake ilikuwa V8 ya inchi za ujazo 326. Bill Collins, aliyeshughulikia chasisi, akamwambia mkuu wake John DeLorean kwamba injini kubwa ya Pontiac, ile ya 389, ingeingia mahali palepale bila kubadilisha vishikio, kwa kuwa injini hizo mbili zilikuwa na umbo moja kwa nje. Russ Gee, mtaalamu wa injini, alikubaliana naye. Wiki moja hivi baadaye gari la namna hiyo lilikuwa limeshafungwa na kuendeshwa.

Kuifunga injini hakukuwa kazi kubwa. Kazi ilikuwa kuliuza gari lenyewe, lililokuja kuitwa GTO, kwa sababu kampuni mama ilikuwa imeliwekea katazo kabla hata halijafikiriwa: gari la ukubwa wa kati halikuruhusiwa kuwa na injini inayozidi inchi za ujazo 330. Kwa msomaji aliyezoea kutaja injini kwa cc, mpaka ulikuwa kwenye cc 5,400 hivi, nao walitaka kuuza gari la karibu cc 6,400. Ninachofuata katika uchambuzi huu ni jinsi walivyouvuka mpaka huo, sababu zilizowafanya wenye mamlaka ya kuwazuia wasiwazuie, na yaliyotokea wengine walipojifunza njia ileile. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama sifa za mafundi hodari. Ufundi ulikuwepo kweli, lakini jambo lililoamua mambo lilitendeka mezani, katika namna ya kuandika orodha ya bei.

Pontiac iliyonyang'anywa uwanja

Semon Knudsen alipokabidhiwa uongozi wa Pontiac mwaka 1956, kitengo hicho kilikuwa na jina la kutengeneza magari ya watu wa makamo, imara na yasiyo na mvuto wowote kwa vijana. Knudsen aliamini kwamba mzee hukubali kununua gari la kijana, ilhali kijana hakubali kabisa kununua gari la mzee. Akamleta Elliot Estes awe mhandisi mkuu, akamchukua DeLorean kutoka kampuni ya Packard, kisha akakielekeza kitengo kizima kwenye mashindano. Mwaka 1959 magari yake yalipanuliwa nafasi kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia, jambo lililogeuzwa mara moja kuwa tangazo. Mwaka 1961 Marvin Panch alishinda Daytona 500 kwa Pontiac, na mwaka uliofuata Fireball Roberts akashinda mbio hizohizo kwa Pontiac pia. Kufikia 1962 kitengo kilikuwa cha tatu kwa mauzo nchini Marekani, nyuma ya Chevrolet na Ford tu. Wakati huo Knudsen alikuwa ameshahamishiwa Chevrolet, Estes amekuwa meneja mkuu, na DeLorean amekalia kiti cha mhandisi mkuu.

Ndipo Januari 1963 ikaja amri kutoka makao makuu ya General Motors: vitengo vyote viache kushiriki na kufadhili mashindano. Amri hiyo ilikuwa na historia. Tangu Juni 1957 kampuni za magari za Marekani zilikuwa zimekubaliana, kupitia chama chao, kwamba zingejitenga na mbio, na tangu siku hiyo zilikuwa zikilivunja kubaliano hilo kwa mlango wa uani. Ford ilichoka na unafiki huo na mwaka 1962 ikatangaza waziwazi kwamba inajitoa. General Motors ilichagua njia ya kinyume. Kampuni hiyo ilikuwa ikiuza zaidi ya nusu ya magari mapya yote ya nchi, na wakuu wake walikuwa na hofu isiyokwisha kwamba serikali ingeishitaki kwa kuhodhi soko na kuivunja vipande. Kwa kampuni yenye hofu hiyo, kushinda kila Jumapili mbele ya maelfu ya watu hakukuwa sifa ya kutafutwa.

Kwa Pontiac amri hii ilikuwa pigo kubwa kuliko kwa ndugu zake. Cadillac iliuza heshima na Chevrolet iliuza bei, lakini Pontiac ya Knudsen na Estes ilikuwa imejenga jina lake lote juu ya mwendo, na sasa ukumbi wa kuuonyesha mwendo huo ulikuwa umefungwa. Swali lililowakabili wahandisi wa Milford lilikuwa jinsi ya kuwapa wateja barabarani kile walichokuwa wakikiona uwanjani. Wateja wenyewe walikuwa mlangoni, kwani watoto waliozaliwa mara baada ya vita, mwaka 1946, wangetimiza miaka 18 mwaka 1964.

Kwa nini Tempest, na kwa nini Pontiac

Tempest ya kwanza, ya 1961, ilikuwa gari la ajabu kidogo. Injini yake ya silinda nne ilikuwa nusu ya ile V8 ya 389 iliyokatwa katikati, giaboksi ilikaa nyuma karibu na ekseli, na shafti iliyounganisha injini na giaboksi ilikuwa nyembamba na iliyopinda kama upinde. Ulikuwa ubunifu wa kupendeza, ila haukuwa msingi wa kubebea nguvu nyingi. Tempest ya 1964 ilirudi kwenye mambo ya kawaida: chasisi imara iliyo pekee, bodi juu yake, ekseli ya nyuma ya moja kwa moja yenye springi za koili, na umbali wa inchi 115 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ukawaida huo ndio uliofungua njia.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo haitajwi vya kutosha. Katika Pontiac injini ndogo na injini kubwa zilikuwa za ukoo mmoja. Mwendo wa pistoni kutoka juu hadi chini ulikuwa uleule, inchi 3.75, katika 326 na katika 389. Tofauti ilikuwa kwenye upana wa silinda, inchi 3.72 kwa ile ndogo na kama inchi 4.06 kwa ile kubwa. Kwa nje zilifanana, na hata uzito haukutofautiana sana. Chevrolet haikuwa na bahati hiyo, kwa sababu injini zake kubwa zilikuwa za ukoo mwingine, pana na nzito zaidi, na ilipozitia katika Chevelle ya mwaka 1965 yalitoka magari 201 tu mwaka huo. Kwa maneno mengine, wazo la Collins lingeweza kumjia mhandisi yeyote wa General Motors, lakini kwa Pontiac pekee lilikuwa jambo la kutekelezeka ndani ya wiki moja.

Ninaongeza jambo dogo linaloonyesha tabia ya nyumba hiyo. Ile injini ya 326 ilipoanza kuuzwa katika Tempest ya 1963, ujazo wake halisi ulikuwa inchi 336. Iliandikwa 326 kwa sababu makao makuu hayakutaka gari dogo lolote lizidi injini ya 327 ya Corvette, gari la michezo la Chevrolet. Toleo la 1964 silinda zilipunguzwa upana hadi namba iliyoandikwa ikawa ya kweli. Kwa hiyo hata kabla ya GTO, Pontiac ilikuwa imeshagundua kwamba wakaguzi wake walisoma namba kwenye karatasi na hawakupima silinda.

Mambo yalivyoandikwa

Gari jipya la General Motors, yaani aina mpya yenye jina na nafasi yake katika mpango wa mwaka, lilipaswa kupitishwa na kamati ya kampuni iliyosimamia sera ya uhandisi. Nyongeza zilikuwa jambo tofauti. Redio, rangi ya pili, viti vya aina fulani, springi ngumu zaidi, hayo yote kitengo kiliyaamua chenyewe, kwa kuwa hakuna kamati ambayo ingeweza kuketi kujadili kila kipande katika orodha ya kila kitengo. DeLorean, akiwa na baraka za Estes, aliiandika GTO humo. Haikuwa gari. Ilikuwa kifurushi cha nyongeza ambacho mteja wa Tempest LeMans, toleo la juu la Tempest, angeweza kukiagiza kwa kulipa chini kidogo ya dola 300.

Ndani ya kifurushi hicho mteja alipata injini ya 389 yenye silinda hedi za injini kubwa zaidi ya 421, kabureta ya midomo minne na nguvu farasi 325. Alipata pia springi na shokomzoba ngumu zaidi, ekzosi mbili badala ya moja, matairi yenye mstari mwekundu ubavuni, gia ya sakafuni yenye wenzo wa Hurst, na matundu mawili ya boneti yasiyoingiza hewa yoyote, kwani yalikuwa pambo tu. Aliyeongeza fedha kidogo alipewa kabureta tatu kwa pamoja na nguvu farasi 348, au giaboksi ya gia nne. Ukiitazama orodha hiyo, hakuna hata kitu kimoja kilichobuniwa upya kwa ajili ya gari hilo. Vyote vilikuwa rafuni, na kilichobuniwa ni kuviweka pamoja chini ya herufi tatu.

Herufi zenyewe DeLorean alizitoa Italia. Kwa Ferrari, GTO ilikuwa kifupi cha Gran Turismo Omologato, gari la safari ndefu lililothibitishwa rasmi kwa ajili ya daraja fulani la mashindano. Pontiac haikuwa imethibitishwa kwa daraja lolote, tena ilitoka katika kampuni iliyokuwa imekatazwa kushindana, hivyo jina lilikuwa na kejeli ndani yake, iwe DeLorean alikusudia au hakukusudia. Wapenzi wa magari ya Ulaya waliliona kuwa wizi, na hasira yao ikawa tangazo la bure.

Hapa ndipo ninapotofautiana na masimulizi mengi. Husemwa kwamba kanuni ilikuwa na mwanya na Pontiac ikaupitia. Mwanya, kwa maana ya kawaida, ni jambo ambalo kanuni imeliacha huru. Kanuni ya inchi 330 haikuacha kitu huru: injini ya 389 ndani ya gari la ukubwa wa kati ilikuwa marufuku, iwe imeingia kama gari jipya au kama nyongeza. Kilichokosekana ni jicho. Kamati ilikuwa na utaratibu wa kuona magari mapya, na haikuwa na utaratibu wa kuona orodha za bei. DeLorean hakulihalalisha gari lake. Alilipitisha mahali ambapo hapakuwa na mlinzi, akijua kwamba mlinzi angelikuta barabarani siku moja. Ni sawa na mtu anayejenga ghorofa ya pili kwa kibali cha kukarabati paa: kibali anacho mkononi, lakini si cha kile alichokijenga. Tofauti hiyo ina maana, kwa sababu aliyetumia mwanya hawezi kuadhibiwa, na aliyepita pasipo mlinzi anaweza. Estes na DeLorean waliweka vyeo vyao rehani.

Namba iliyowaokoa

Hatari haikutoka makao makuu kwanza. Ilitoka ndani ya Pontiac. Frank Bridge, mkuu wa mauzo, hakuamini kwamba gari la namna hiyo lina wanunuzi. Hakuwa mjinga. Alikuwa mtu wa hesabu ambaye katika maisha yake yote alikuwa ameuza magari kwa watu wazima wenye familia, na kwa hesabu zake injini kubwa katika gari dogo ilikuwa tamaa ya wachache. Baada ya kubembelezwa alikubali magari 5,000, basi.

Oda zilipoanza kuingia mwishoni mwa 1963, kiwango hicho kilipitwa haraka. Wakuu wa kampuni walipotambua kilichokuwa kikiuzwa chini ya jina la nyongeza, mawakala walikuwa wameshawaahidi wateja, wateja wengine walikuwa wameshalipa, na viwanda vilikuwa vimeshapangiwa kazi. Kulifuta gari hapo kungemaanisha kuwaomba radhi mawakala nchi nzima na kurudisha fedha ambazo kampuni ilizipenda kama kampuni nyingine yoyote inavyopenda fedha. Maji yalikuwa yameshamwagika. Toleo la 1964 lilifunga kwa magari 32,450, zaidi ya mara sita ya kile Bridge alichokikubali.

Ninadhani hapa ndipo kiini cha kisa kilipo. Kama GTO ingeuza magari 3,000, ingekuwa uvunjaji wa kanuni, na huenda mtu angepoteza kazi. Kwa kuwa iliuza 32,450, ikawa uongozi wenye maono. Kitendo kilikuwa kilekile, na hukumu iliandikwa na soko baada ya tukio. Mtu anayekisoma kisa hiki ili ajifunze ujasiri wa kazini akumbuke kwamba anasoma habari za walioshinda. Wahandisi waliojaribu jambo kama hili na mauzo yakawaangusha hatuwasomi mahali popote.

Mtu wa matangazo na gari jekundu

Jim Wangers hakuwa mwajiriwa wa Pontiac. Alifanya kazi katika shirika la matangazo la MacManus, John & Adams, lililoihudumia Pontiac, lakini aliyajua magari kuliko watu wengi wa matangazo wa siku zile, na mwaka 1960 alikuwa ameshinda daraja la magari ya kawaida katika mashindano ya kitaifa ya robo maili huko Detroit, akiendesha Pontiac Catalina. Alielewa mapema kwamba tangazo la kampuni haliwezi kumshawishi kijana kama neno la jarida analoliamini.

Toleo la Machi 1964 la jarida la Car and Driver lilikuwa na mchoro jaladani wa GTO mbili zikikimbizana, ya Pontiac na ya Ferrari. Ndani yake, magari hayo mawili hayakushindanishwa hata kidogo, kwa sababu Ferrari haikupatikana. Pontiac ilipimwa peke yake na kusemekana kuwa imefikia maili 60 kwa saa, yaani takriban kilomita 97, kwa sekunde 4.6, na kumaliza robo maili kwa sekunde 13.1. Zilikuwa namba za kushangaza kwa gari la kununuliwa kwa wakala wa kawaida. Pia hazikuwa za kawaida: magari yaliandaliwa na wakala wa Royal Pontiac wa mjini Royal Oak, Michigan, na miongo kadhaa baadaye Wangers mwenyewe alikiri kwamba gari jekundu kati ya yale mawili yaliyopelekwa lilikuwa na injini ya 421 iliyofichwa mahali pa 389. Ukoo mmoja wa injini, umbo moja kwa nje. Aliyefungua boneti asingeona tofauti.

Hiyo ndiyo sehemu ya kisa ambayo siwezi kuitetea kwa urahisi ninaoutumia kwa Estes na DeLorean. Kuificha injini kubwa mbele ya kamati ya kampuni yako ni ugomvi wa ndani ya nyumba. Kuificha mbele ya msomaji atakayelipa mshahara wa miezi kwa kuziamini namba zile ni udanganyifu wa soko. Mbinu, hata hivyo, ilikuwa moja: weka kitu kikubwa ndani ya ganda la kitu kidogo, kisha acha karatasi iseme.

Mpaka uliosogezwa

General Motors haikuwa na njia ya kuirudisha Pontiac nyuma, hivyo ikasogeza mpaka. Kwa toleo la 1965 magari ya ukubwa wa kati yaliruhusiwa injini za hadi inchi 400. Oldsmobile, kitengo kingine cha General Motors kama Buick, ambayo mwaka 1964 ilikuwa imeijibu GTO kwa 4-4-2 yenye injini halali ya 330, ikapata injini ya 400. Buick ilikuwa na injini ya 401, yaani ilizidi kwa inchi moja. Badala ya kuipunguza, iliiandika 400 katika Gran Sport yake na mambo yakaisha. Inchi moja ya ujazo ni kama cc 16, ujazo wa kijiko kikubwa cha mezani, na sidhani kama kuna mfano bora wa jinsi kanuni ya namba inavyowafundisha watu kuhariri namba.

Tempest nayo ilivuna. GTO za 1965 zilifika 75,352, na toleo la 1966, ambalo hatimaye liliandikishwa kama gari kamili na si nyongeza tena, lilifika 96,946, kiwango ambacho jina hilo halikukifikia tena. DeLorean alipewa uongozi wa Pontiac mwaka 1965 akiwa na miaka 40, baada ya Estes kuhamishiwa Chevrolet.

Makao makuu yalijaribu tena kuweka breki. Kwa toleo la 1967 yalipiga marufuku kabureta nyingi katika magari yote isipokuwa Corvette, na yakataka gari lisizidi nguvu farasi moja kwa kila ratili 10 za uzito. Pontiac Firebird, iliyozaliwa mwaka huohuo, ilikuwa nyepesi kuliko GTO lakini ilipewa injini ileile ya 400. Ili namba ikubali, kipande kidogo cha chuma kiliwekwa kwenye wenzo wa kabureta kuzuia midomo ya pili isifunguke kikamilifu, na nguvu ikaandikwa 325 badala ya 335 za GTO. Mwenye gari aliyetaka nguvu zilizobaki alihitaji kukikunja kipande hicho, na habari hiyo haikukawia kuwafikia wenye magari.

Kampuni pinzani hazikuwa na minyororo hiyo. Plymouth ilitoa Road Runner kwa mwaka 1968, gari lililovuliwa karibu kila starehe na kuachiwa injini ya 383 yenye nguvu farasi 335, kwa bei ya kuanzia dola 2,896. Likauza zaidi ya 44,000 mwaka wa kwanza. Pontiac ilikuwa imefundisha somo la bei nafuu na mwendo mkali, kisha kwa miaka minne ikawa inapandisha starehe na bei hadi mwingine akalishika somo hilo upya.

Huulizwa kama GTO ndiyo iliyokuwa gari la misuli la kwanza, yaani gari la kawaida lililotiwa injini kubwa kwa ajili ya mwendo. Kwa ufundi, hapana. Oldsmobile Rocket 88 ya 1949 ilikuwa na injini mpya ya V8 katika bodi nyepesi, na Rambler Rebel ya 1957 ilikuwa na V8 ya 327 katika gari dogo, ingawa yalitengenezwa 1,500 tu. Kilichokuwa kigeni katika GTO ni kuwa gari la namna hiyo liliuzwa kwa kijana kwa jina lake lenyewe, kwa bei aliyoweza kuifikia kwa mkopo, na kwa kifurushi ambacho kila kampuni iliweza kukinakili mwaka uliofuata. Walikinakili wote.

Jambo lililosahauliwa kwenye kifurushi

Nimetaja yaliyokuwemo ndani ya kifurushi. Ambacho hakikuongezwa ni breki. GTO ya 1964 yenye nguvu farasi 325 na uzito wa takriban tani moja na nusu ilisimamishwa na breki za ngoma za inchi 9.5 kwenye magurudumu yote manne, zilezile za Tempest ya mama wa nyumbani aendaye sokoni. Mteja aliyejua aliweza kuagiza bitana za metali kwa fedha za ziada. Asiyejua alibaki na alichopewa. Breki za diski za mbele, na hizo kwa hiari, zilisubiri hadi toleo la 1967.

Hili si bahati mbaya iliyotokea pembeni ya kisa. Linatokana moja kwa moja na njia iliyotumika. Gari linalopita mbele ya kamati hupimwa lote: injini, usukani, breki, matairi na uzito. Kifurushi cha nyongeza hakipimwi hivyo, kwa sababu kila kipande chake kimeshapitishwa tayari mahali pengine kwa kazi nyingine. Breki zile zilikuwa zimepitishwa kwa gari dogo, na injini ilikuwa imepitishwa kwa gari kubwa lenye breki zake, na hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza zikikutana itakuwaje. Kamati waliyoikwepa ilikuwa ya wazee waoga, ndiyo, lakini swali hilo lilikuwa lake.

Kanuni zisizosoma orodha za bei

Mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuja wakaguzi wa aina nyingine. Kampuni za bima zilianza kutoza ziada kwa magari yenye nguvu nyingi kulingana na uzito wake, tena kwa vijana hasa, na kwa wengi malipo ya bima yakaanza kukaribiana na malipo ya mkopo wa gari. Mwaka 1970 General Motors iliondoa mpaka wa inchi 400, na injini za 455 zikaingia katika magari ya ukubwa wa kati ya Pontiac, Oldsmobile na Buick, na ile ya 454 katika Chevelle. Uhuru ulifika wakati wanunuzi wanaondoka. Mwaka huohuo sheria ya hewa safi ilipitishwa, na kwa toleo la 1971 General Motors ilipunguza mgandamizo wa injini zake zote ili zitumie petroli isiyo na madini mengi ya risasi; injini ya kawaida ya GTO ikashuka kutoka nguvu farasi 350 hadi 300. Magari yaliyouzwa yalikuwa 40,149 mwaka 1970 na 10,532 mwaka 1971.

Bima ilikokotoa nguvu kwa uzito, na sheria ya hewa ilipima moshi wenyewe. Hata vikwazo vya mafuta vya Oktoba 1973 havikujali jina lililobandikwa ubavuni. Kwa mara ya kwanza Pontiac ilikutana na mipaka ambayo haikuvukika kwa kubadilisha namna ya kuandika karatasi.

Kwa toleo la 1972 GTO iliacha kuwa gari kamili, ikarudi kuwa kifurushi cha nyongeza cha LeMans kama ilivyozaliwa. Mwaka 1973 ziliuzwa 4,806, pungufu ya zile 5,000 ambazo Frank Bridge alidhani zingetosha. Mwaka 1974 herufi tatu zilihamishiwa kwenye Ventura, gari dogo zaidi, kwa injini ya 350, zikauza 7,058, kisha zikaondolewa kwenye orodha. DeLorean alikuwa ameshaondoka General Motors mwaka uliotangulia. Estes, meneja aliyekiruhusu kifurushi kile kipite bila kuonyeshwa kwa kamati, aliteuliwa mwaka huohuo wa 1974 kuwa rais wa kampuni nzima.